Mpira wa Hosea Pettway

Kila mwanamume aliyenyolewa kwa Shemasi Thaddeus Rainey, katika mji wa Pruett, jimbo la Alabama, aliijua kanuni kabla ya kuijua bei: hapa hatajwi mpigaji ila na mtu aliyemwona kwa macho yake mwenyewe. Aliyesimuliwa na baba yake hakuona. Aliyesikia redioni hakuona. Aliyefika uwanjani amechelewa, akakuta watu wamekwisha kurusha kofia hewani, naye pia hakuona. Mwenye kuivunja kanuni hiyo hunyamaza, huchukua ufagio ulioegemezwa nyuma ya mlango, na kufagia nywele za vichwa vyote vilivyonyolewa siku ile. Na kila anapoifikia miguu ya mtu aliyeketi, sharti aseme, "Niruhusu, kaka," ndipo mtu huyo aiinue. Shemasi ndiye aliyeitunga kanuni hiyo mwaka alioufungua mlango wake. Yeye hakuwahi kuushika ufagio ule. Asubuhi na jioni alifagia kwa ufagio mwingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, mwaka 1967, mjadala ulikuwa uleule wa Jumamosi zote: ni nani waliokuwa wapigaji bora wa besiboli katika miaka ya kabla ya vita, zama ambazo watu weusi walicheza katika ligi zao wenyewe, na magazeti makubwa hayakutuma mtu wa kuwatazama. Kwa kuwa hayakutuma mtu, hapakuwa na ushahidi mwingine duniani ila macho ya wanaume wachache, na macho hayo yalikuwa yakizidi kupungua. Kwa sababu hiyo Shemasi aliilinda kanuni yake kama alivyoilinda sahani ya sadaka. Aliamini kwamba uongo mmoja ukiruhusiwa kukaa, kweli zote zitanyimwa kiti.

"Roscoe Vann," alisema Cleophus Odom, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Msinichoshe mie. Roscoe Vann, yamekwisha."

"Vann alikuwa anapiga upepo," akajibu Lovelace Tubbs, aliyepeleka barua mjini hapo mpaka miguu ilipomkataa. "Mara tatu anakosa, mara ya nne anabahatisha, basi nyinyi mnaimba wiki nzima."

"Tubbs, ulimtazama kwa miwani gani? Maana hiyo uliyovaa haioni hata anwani ya mtu."

"Anwani yako niliiona vizuri sana. Miaka yote hiyo imeandikwa kwa mkono wa mama yako tu."

Watu wawili waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Tubbs akatengeneza ukosi wa shati na kumleta mtu wake, Early Baskin, kijana mfupi wa Montgomery.

"Baskin alikuwa hapigi. Alikuwa anauweka. Mdakaji kasimama hapa, mpira unakwenda pale. Unamwona mdakaji anahamia pale, mpira unakuja hapa. Kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula chake."

"Chumvi!" akasema Odom. "Mwanamume apige, yeye anatia chumvi! Sikiliza nikwambie mpigaji. Kule Memphis mjomba wangu alimwona Sim Oakley, aliupiga mpira mpaka uzi wa kushonea ukabaki kwenye gongo, ngozi peke yake ikavuka uku—"

"Nani alimwona?" aliuliza Shemasi, bila kugeuka.

Odom alifumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Mjomba wangu, Shemasi. Lakini mjomba yule hasemi uongo. Mtu wa kanisani kabisa."

"Na aje aseme mwenyewe."

"Amekwisha kufa."

"Basi ana nafasi tele. Ufagio, Kaka Odom."

Odom aliuchukua ufagio, akaanza kufagia huku akipumua kwa pua. Alipofika kwa Tubbs alisema, "Niruhusu, kaka." Tubbs akaweka mkono sikioni na kusema hakusikia vizuri. "Niruhusu, kaka," akarudia Odom, "kabla hujaruhusiwa na mguu wangu." Ndipo Tubbs akainua miguu yake yote miwili juu sana, kama mtu anayevushwa mto.

Aliyekuwa kitini kwa Shemasi wakati huo, povu likiwa limemfunika kuanzia masikioni hadi kooni, ni Hosea Pettway. Hosea alikuwa amekuja hapo Jumamosi zote tangu duka lifunguliwe, wala hajatia neno hata mara moja katika mjadala wa wapigaji. Si kwamba hakuwa na la kusema. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji, na mpira wake ulikuwa bado uko hewani.

Jambo hili lilijulikana na watu wote wa Pruett. Siku ya tarehe nne Julai, mwaka 1936, kiwanda kilifanya karamu yake kama desturi, na timu ya wafanyakazi weupe ilicheza na timu ya wafanyakazi weusi katika uwanja wa kiwanda, mara moja kwa mwaka. Nguruwe walikuwa wamekesha shimoni juu ya makaa, wakigeuzwa na watu weusi, na desturi ilikuwa kwamba timu itakayoshinda ndiyo itakayokula kwanza. Ilipofika zamu ya mwisho, weupe walikuwa mbele kwa alama moja. Mchezaji mmoja wa weusi alikuwa amesimama kituo cha pili. Hosea Pettway aliingia kupiga. Na Thaddeus Rainey, ambaye bado hakuwa shemasi, alipiga goti pembeni na gongo lake, akingoja kupiga baada yake.

Hosea aliupiga mpira wa kwanza. Ulipanda. Rainey aliuona ukipita juu ya mrushaji, juu ya wadakaji, juu ya bendera ya kiwanda, na juu ya moshi wa matanuru, ukiendelea kupanda. Watu walingoja ushuke. Hosea alikimbia hatua chache, kisha mwamuzi, Bwana Virgil Garlock, msimamizi wa idara ya mabomba, akanyoosha mkono na kumrudisha.

"Mpira ambao haujashuka hauna hukumu," alisema Bwana Garlock. "Mpigaji asubiri."

Hosea alisubiri pale kituo cha nyumbani, asimamapo mpigaji, na gongo begani hata jua lilipotua. Honi ya zamu ya usiku ilipolia, Bwana Garlock aliwaambia watu wote waondoke. Weupe, kwa kuwa ndio waliokuwa mbele, walikula kwanza. Mwaka uliofuata mchezo haukuchezwa, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa haujaisha. Hosea naye alipokwenda kuomba kuchezea timu ya mji jirani, aliambiwa kwamba kiwanda kimetoa taarifa: mtu aliye katikati ya zamu yake hawezi kuanza zamu nyingine. Mwaka 1938 walikuja watu wa timu ya Memphis, wakiwa na gari lao wenyewe, wakamkuta amekaa barazani. Walimsihi. Hosea aliwajibu, "Nashukuru, lakini bado napiga." Wakaenda zao. Aliingia kwenye matanuru ya makaa ya kiwanda, akakaa humo mpaka mapafu yake yalipoharibika.

Mpira uliendelea na safari yake. Siku za kazi moshi uliuficha, lakini Jumapili ulionekana vizuri, nukta nyeupe juu ya mji. Wanawake walijua kwamba ukifika usawa wa mnara wa kanisa la Kibaptisti ni wakati wa kuteleka maharage. Marubani wa ndege ndogo za kunyunyizia pamba dawa waliuzunguka. Tangu majira ya kuchipua ya mwaka huo wa 1967 ulikuwa umeanza kushuka, na mwezi Agosti mtu mwenye macho mazuri aliweza kuiona mishono yake.

Odom alipomaliza kufagia, aliuegemeza ufagio mahali pake na kusimama dirishani kutuliza hasira. Shemasi alikuwa ameunoa wembe kwenye mkanda. Aliliinua shavu la kulia la Hosea kwa vidole viwili, akaanza.

"Shemasi," alisema Hosea.

"Usiseme, nitakukata."

Hosea alingoja mpaka shavu lile lilipokwisha. Kisha alisema, "Daktari amesema Krismasi sifiki."

Shemasi aliufuta wembe.

"Bwana atakuwa nawe, Kaka Hosea."

"Najua. Lakini sijaja na hilo. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Hao mnaowapanga kila Jumamosi, Vann na Baskin na wenzao. Mimi naingia wapi?"

Shemasi alikuwa mtu aliyelelewa na walimu wa misheni, waliomfundisha kwamba ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, na kwamba litokalo kati ya hayo latoka kwa yule mwovu. Alimpenda Hosea. Kwa sababu hiyo hasa alijihadhari.

"Nilikuona ukiupiga," alisema. "Nilikuwa karibu nawe kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini sikuuona ukitua. Nimeona nusu, Kaka Hosea. Siwezi kushuhudia kwa nusu."

"Ndivyo alivyosema Garlock," akasema Hosea.

Hakusema kwa hasira. Alilaza kichwa chake nyuma, akafumba macho, akatoa koo. Shemasi alisimama kidogo na wembe mkononi. Kisha akayaweka makali ya wembe juu ya koo la rafiki yake, chini ya kidevu, mahali ambapo mshipa hupiga.

"Unashuka," alisema Odom pale dirishani.

"Nini kinashuka?" akauliza Tubbs.

"Mpira wa Pettway. Huo, umepita mnara. Umepita waya za simu. Tubbs, njoo, toka kitini wewe!"

Watu wote walikwenda dirishani. Hosea alifumbua macho, na kwa kuwa kiti kilielekea barabarani, aliona kila kitu bila kusogeza kichwa. Shemasi hakutazama. Kinyozi mwenye wembe kooni mwa mtu hana dirisha; hilo alifundishwa na kinyozi aliyemfundisha kazi, na alilifundisha kwa wengine. Alisikia tu. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu aliyeweka kiatu chini.

Baada ya muda mfupi Bi Lottie Hargrove, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara, aliingia akiwa na aproni, na mpira mkononi.

"Huu ni wenu," alisema. "Umeangukia bustani yangu na kuvunja mche wa sukuma wiki, tena ule mkubwa. Nani wa kunirudishia sukuma yangu?"

"Mimi," alisema Hosea. "Jumatatu nitakuletea mche."

"Wenye majani mapana?"

"Wenye majani mapana, mama."

Bi Hargrove aliridhika, akamkabidhi mpira. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye barafu, na upande mmoja ulikuwa na weusi wa masizi. Alama ya kiwanda ilikuwa bado inasomeka. Hosea aliinuka kitini na kitambaa shingoni, shavu moja na koo vikiwa safi, shavu la pili likiwa na povu.

"Kaa nikumalize," alisema Shemasi.

"Nimeungoja mpira huu miaka yote hiyo," akasema Hosea. "Ndevu nazo zingoje."

Wale wawili waliokuwa wakingoja zamu walikwenda zao; Hosea, Shemasi, Odom na Tubbs walikwenda kiwandani wote wanne. Mlangoni kulikuwa na karani kijana, mweupe, mwenye adabu, aitwaye Dwight Purcell. Aliusikiliza mkasa wao mpaka mwisho.

"Subiri kidogo, mjomba," alimwambia Hosea, kama watu weupe wa Pruett walivyozoea kumwita mtu mweusi mwenye mvi, na akaenda kumwita Bwana Garlock.

Bwana Garlock alikuwa amestaafu kazi ya mabomba siku nyingi, lakini kiwanda kilimwachia chumba kidogo cha nyuma na kiti, kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha na yeye bado alikuwa mwamuzi. Alitoka akitembelea mkongojo. Aliupokea mpira, akaugeuzageuza.

"Umetua wapi, Hosea?"

"Kwenye sukuma za Bi Hargrove, Bwana Garlock."

"Ng'ambo ya ukuta."

"Mbali ng'ambo ya ukuta."

"Nani aliona?"

"Mimi," alisema Odom. "Mimi," alisema Tubbs. Shemasi alikaa kimya, kwa kuwa hakuona.

"Basi pigo ni halali," alisema Bwana Garlock. "Yule wa kituo cha pili?"

"Otis alikufa kwenye ajali ya tanuru, mwaka wa arobaini na tatu," akasema Tubbs.

"Basi Hosea azunguke vituo vyake. Mpigaji hahesabiwi mpaka avizunguke."

Uwanja ulikuwa umewekwa lami zamani na kugeuzwa mahali pa kuegeshea magari ya wakubwa wa kiwanda. Hosea alijua kila kitu kilikuwa wapi. Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya lori la mafuta. Aliinama na kugusa mahali pake kwa mkono, akakohoa, akaendelea. Cha pili kilikuwa wazi, kati ya magari mawili mekundu. Alikikanyaga kwa miguu yote miwili. Kufika cha tatu aliketi juu ya bampa ya gari la mtu, akapumua mpaka midomo yake iliporudiwa na rangi. Hakuna aliyemharakisha. Povu lilikuwa limekauka shavuni mwake.

Kituo cha nyumbani kilikuwa chini ya Buick nyeusi ya meneja mkuu. Meneja mwenyewe alikuwa amekwenda kuvua samaki, na funguo alikuwa nazo yeye. Hosea alilitazama lile gari. Kisha alipiga magoti, akalala kifudifudi, akajiburuta chini yake mpaka zikabaki nje nyayo za viatu tu. Wakausikia mkono wake ukipiga chini. Alipotoka, shati lake la Jumamosi lilikuwa na mafuta kifuani.

"Nimefika," alisema.

Bwana Garlock aliegemea mkongojo wake. "Umegusa nini huko chini, Hosea?"

"Nyumbani, bwana."

"Umegusa lami. Kituo kiko chini ya lami."

"Lami mmeiweka nyinyi, Bwana Garlock," alisema Odom.

"Mimi sikuiweka. Mimi ni mwamuzi." Sauti yake haikupanda. "Sheria inasema mkimbiaji asiguse kingine ila kituo."

"Basi nimetolewa?" akauliza Hosea.

"Hujatolewa."

"Nimeingia?"

"Hujaingia. Mchezo unaendelea."

Kisha akasema kwamba mpira ni mali ya kiwanda, na Hosea akaona kwamba alama ya kiwanda kweli ilikuwa juu yake. Karani Purcell aliuchukua kwa mikono miwili, akamshukuru mjomba kwa kuurudisha, na kuuingiza ndani. Mlango ulifungwa, maana ilikuwa Jumamosi na saa za kazi zilikuwa zimekwisha.

Walirudi kwa miguu. Hosea aliketi kitini. Shemasi alichanganya povu jipya, akalipaka shavu la kushoto, akalinyoa polepole kuliko alivyowahi kulinyoa shavu la mtu, akaenda na kurudi hata mahali palipokwisha kuwa safi. Alimpangusa kwa taulo la moto. Halafu Odom alikohoa na kusema:

"Haya. Tulikuwa wapi? Roscoe Vann."

"Baskin," akasema Tubbs, lakini kwa sauti ya chini.

"Hosea Pettway," alisema Shemasi.

Waligeuka wote. Shemasi alikuwa akiukunja wembe wake.

"Wa kwanza wao wote ni Hosea Pettway. Mpaka leo sijaona gongo lililokutana na mpira namna ile. Vann wa pili. Baskin mnaweza kumweka popote mtakapo."

Odom alimtazama Tubbs. Tubbs aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Walikuwa watu wazima, waliotozwa faini ya ufagio huo mara nyingi mno, na haki ilikuwa haki.

"Shemasi," alisema Tubbs kwa heshima, "uliuona ukitua?"

"Sikuuona."

"Sisi tumeuona ukitua," akasema Odom, "ila hatukuuona ukipigwa. Mimi siku hiyo nilikuwa shimoni nageuza nguruwe."

"Najua," akasema Shemasi. "Aliyeuona wote ni mwenyewe tu, na mtu hajishuhudii."

"Basi wewe umetaja mtu ambaye hukumwona."

"Nimemtaja."

Alilivua koti lake jeupe la unyozi, akalitundika. Alikwenda nyuma ya mlango, akautwaa ufagio, akaupima mkononi kwa kuwa hakujua uzito wake. Akaanzia pembeni, kama ipasavyo. Nywele za siku nzima zilikuwa hapo, nyeusi, kijivu na nyeupe, maana Odom alikuwa amefagia kwa hasira na kuacha nyingi.

"Niruhusu, kaka," alimwambia Tubbs, na Tubbs akainua miguu yake bila mzaha.

"Niruhusu, kaka," alimwambia Odom. Odom akainua.

Alipofika kwenye kiti kikubwa alisimama. Hosea alikuwa amekaa, mashavu yake yote mawili yaking'aa, mafuta ya Buick kifuani.

"Niruhusu, Kaka Hosea."

Hosea hakuwa na haraka. Aliinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaviweka viatu juu ya chuma cha kiti, akamtazama Shemasi akiinama kuufuata uchafu mpaka ndani.

"Kuna nyingine hapo nyuma ya gurudumu la kiti," alisema Hosea.

Shemasi akarudi, akazifagia hizo pia.